Kasuku Aliyejibu Kikohozi

Fundi cherehani wa nyumba ya kona aliitwa Bado Vifungo, na hakuna aliyemwita hivyo kwa chuki. Lilikuwa jina la cheo. Ukienda kuulizia suruali yako alikupokea kwa uso mkunjufu, akakuvutia kigoda, akakuambia, "Yako imekwisha kaka, bado vifungo tu." Suruali yenyewe saa hiyo ilikuwa kitambaa kilichokunjwa chini ya meza, na paka wa jirani amekilalia. Mafundi wana mbinu zao, na yake ilikuwa kukata. Kitambaa kikiletwa tu alikipiga chaki na kukikata papo hapo, mbele ya mwenyewe, kwa mbwembwe zote za mkasi, na baada ya hapo haraka ikamwisha. Mteja ambaye kitambaa chake kimeshakatwa hana pa kwenda. Hakuna fundi anayependa kushona mkato wa mwenzake. Atarudi, atanung'unika, ataambiwa bado vifungo, ataondoka, atarudi.

Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri hili lisemwe mapema, maana huko mbele litakuwa gumu kusemeka. Hakuwa mlevi wala mgomvi, aliamkia wakubwa na kuitikia wadogo, na nguo yake, siku ilipotoka, ilikuwa nguo. Kasoro yake ilikuwa ile ya wacheshi wengi: sentensi yake ikichekwa mara moja, aliifuga.

Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana, mlango wazi kwa barabara. Nyuma yake palikuwa na korido nyembamba, na mwisho wa korido vyumba viwili. Kimoja alilala yeye na mkewe. Cha pili kilikuwa chumba cha kukatia, chenye meza ya mbao ngumu aliyorithi kwa fundi aliyemfunza kazi, pana kiasi kwamba suti nzima ililala juu yake imenyoosha mikono. Meza hiyo aliipenda. Alipoiegemea alijiona mkubwa.

Kisha mama mkwe akaja kutibiwa kifua.

"Ni kwa muda mfupi tu," mkewe alisema, na alisema kweli kama alivyoijua. Daktari naye alisema vilevile. Kifua chenyewe tu ndicho ambacho hakikushirikishwa katika mapatano hayo. Chumba cha kukatia kikawekwa kitanda. Meza ikahamishiwa koridoni, ikabaki nafasi ya kupita nyonga moja kwa wakati mmoja, na kila asubuhi nyonga ya fundi iligongana na pembe ya meza mahali palepale.

Siku ile ya kwanza, wakati wanatandika kitanda cha mgonjwa, mkewe, ambaye alikuwa karani wa shule na hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili, alimwambia, "Nina ombi moja tu. Mama yangu asijione mgeni humu ndani."

"Mgeni wa nini tena? Mama yako ni mama yangu."

"Najua. Lakini nakujua na wewe."

Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa umbo dogo, aliyepikia bweni la wanafunzi ujana wake wote, na kwa hiyo hakustaajabia kelele wala hakuitegemea shukrani. Alikunja blanketi lake mwenyewe. Chai akipewa ya moto alisema ni nzuri, akipewa iliyopoa alisema ni nzuri. Kitu pekee alichokifanya bila kuomba radhi kilikuwa kukohoa. Alianza asubuhi, mara tu fundi alipokanyaga pedali ya cherehani, kana kwamba vyombo hivyo viwili viliendeshwa kwa mkanda mmoja.

Asubuhi moja fundi alikuwa ametoka kugonga nyonga pale kwenye pembe. Amekaa, pini tatu nne zimebanwa midomoni, anasikilizia maumivu, kikohozi kikatoka chumbani. Naye bila kuinua macho akasema, "Kumbe bado yupo."

Barazani, mpiga pasi, aliyekodi kona pale na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, alicheka hadi akaiweka pasi chini. Basi imekwisha hiyo. Kesho yake kikohozi kilipotoka, fundi alisema tena, na mpiga pasi akacheka tena. Wiki zilizofuata mpiga pasi akawa anacheka nusu, kisha anatabasamu, kisha hata kutabasamu akaacha. Lakini sentensi ilikuwa imeshaijua njia. Kikohozi: "Kumbe bado yupo." Hakuwa tena na hasira wala nia. Alikuwa akisema kama mtu anavyosema "aa" akikaa chini. Ukimuuliza kama anamtaka mama mkwe afe, angekasirika kwa haki kabisa.

Kasuku aliletwa na mteja mmoja, mwalimu wa udereva, aliyehamia mji mwingine ambako nyumba aliyopanga haikuruhusu wanyama. Alikuja kuchukua koti, akaambiwa bado vifungo, akaondoka bila koti na bila kasuku. Alikuwa ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu na jicho la mkaguzi. Fundi alilitundika tundu koridoni, juu ya meza ya kukatia, mahali pekee ambapo paka hakufika na upepo ulipita. Hivyo ndege akawa na karakana kushoto kwake na mgonjwa kulia, akivisikia vyote viwili sawasawa.

Fundi alikuwa na mpango. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alisimama mbele ya tundu na karanga kiganjani, akatoa sauti ya mwenye duka la vioo: "Karibu mteja! Nguo yako tayari! Karibu mteja! Nguo yako tayari!"

Ndege alimwangalia kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akamwangalia kwa la pili, kama aliyetaka maoni mawili. Karanga alikula. Kusema, hakusema. Alijifunza mlio wa cherehani, na mkasi, na namna mpiga pasi anavyopulizia nguo maji, na mlio wa simu, kiasi kwamba fundi aliinuka mara kwa mara kwenda kupokea simu ya ndege. Lakini hiyo ya mteja na nguo, aka.

"Ana akili huyo," mkewe alisema akivaa viatu vya kazini. "Hawezi kurudia kitu ambacho hajawahi kukiona kikitokea."

Bibi naye alikuwa akitazama masomo hayo kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. "Baba," alisema siku moja, kwa maana hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe, "mbona unamfundisha kama unasoma tangazo? Zungumza naye."

"Si ndiyo nazungumza naye, mama."

"Unazungumza mbele yake. Kuna tofauti."

Fundi alicheka kwa adabu, akaenda zake kukata kitambaa cha mtu.

Ndege alifumbua mdomo siku ya kazi, asubuhi jua limeshapanda, mke yuko shuleni. Bibi alikohoa. Fundi mara hiyo hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hiyo ni kazi ya pumzi. Kimya kikapita kidogo, kile kimya ambacho siku zote hujazwa. Kikajazwa.

"Kumbe bado yupo," alisema kasuku.

Haikuwa sauti ya ndege. Ilikuwa sauti ya fundi, na si ya fundi kwa jumla, bali ya fundi mwenye pini midomoni, neno la mwisho likivutwa upande mmoja wa mdomo ili pini zisidondoke. Mtu yeyote aliyewahi kupimwa kiuno katika karakana ile angeiapia mahakamani.

Mpiga pasi alicheka mpaka suruali ya mwalimu mkuu ikatoa moshi. "Amekuiga, bwana! Na pini zake!"

"Nyamaza wewe, mama atasikia!"

"Atasikia nini? Atajua ni wewe tu unayesema."

"Ndiyo hilo ninaloogopa!"

Mpiga pasi akapangusa machozi, akaikung'uta ile suruali, akaitazama alama ya kahawia. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa, "Lakini, fundi, si ni wewe?"

Fundi aliweka sindano chini. Alikwenda koridoni, akagonga nyonga, akachungulia. Bibi alikuwa amegeukia ukutani, macho amefumba. "Mama?" aliita kwa sauti ya chini sana, ya mtu asiyetaka kujibiwa. Hakujibiwa. Akahitimisha kwamba amelala. Mtu akihitaji sana mwenzake awe amelala, macho yaliyofumbwa humtosha.

Ndipo ilipoanza kazi ya kumnyamazisha ndege, na ikumbukwe ni kwa nini. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa alikuzoea. Aliogopa lile ombi moja. Siku ambayo sentensi hiyo ingefika masikioni mwa mama mkwe, au mkewe aliyeiomba nyumba isiyo na mgeni, hakuna nguo angeweza kushona ya kumsitiri.

Alianza kwa kulifunika tundu kwa kipande cha bitana. Mkewe alirudi, akalifunua. "Unamfunga macho ndege wa watu kwa kosa gani?" Kosa lenyewe hakuweza kulitaja. Akalihamishia tundu mbele, karakanani. Kesho yake akaja mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa ametoka hospitali baada ya kuuguzwa hadi ndugu wakaitwa. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa kidogo. "Kumbe bado yupo," aliambiwa. Mzee alisimama, akachukua kitambaa chake kilichokwisha kukatwa, vipande vyote, na ukosi, akaondoka navyo kwapani. Ndiye mteja wa kwanza kuivunja ile mbinu ya mkasi. Tundu likarudi koridoni.

Akaamua kumpa mpiga pasi ndege huyo, awe wake moja kwa moja. Walikuwa wameshaliteremsha tundu kutoka kwenye ndoano bibi alipouliza kutoka ndani, "Mnampeleka wapi?"

"Tunampa hewa, mama."

"Hewa ipo hapo. Mwacheni. Mchana kutwa humu ndani ni mimi na yeye tu. Huwa tunasemezana."

Fundi akalirudisha tundu kwenye ndoano. "Anasema nini, mama?"

"Ya ndege," bibi alijibu, akaomba maji.

Muuza chakula cha kuku, aliyefuga kila chenye manyoya, ndiye aliyempa dawa. "Kasuku hafuti," alimwambia, mkono ndani ya gunia la mtama. "Anaongeza tu. Ni kitu gani kinachomwamsha aseme hayo maneno?"

"Kikohozi."

"Basi mpe maneno mengine kwenye kikohozi hichohicho. Na uyaseme kwa moyo. Akiyaona matamu zaidi, atayachagua mwenyewe."

Kwa hiyo ikawa kwamba mtu mzima mwenye mke na mashine tatu alisimama kila asubuhi mbele ya tundu, akajiwekea ngumi mdomoni, akakohoa kikohozi cha kuigiza, "kho, kho," kisha akainamisha kichwa kwa huruma na kusema, "Pole mama." Kho, kho. "Pole mama."

"Fundi," mpiga pasi aliuliza kutoka barazani, "huyo mama unayempa pole ni wewe mwenyewe?"

"Piga pasi yako."

Lakini masomo ya asubuhi hayakutosha. Kikohozi cha kweli kilitoka wakati wowote, na aliyewahi kujibu ndiye aliyeshinda. Ikambidi awahi yeye. Bibi alipokohoa, fundi aliruka kutoka kwenye kiti, gurudumu la cherehani likiendelea kuzunguka peke yake, akapita kwenye ile pembe na nyonga yake, akatokea mlangoni mwa mgonjwa akihema: "Pole mama!" Mwanzoni alisema hivyo tu na kurudi. Baadaye aliona aibu kurudi mikono mitupu, akawa anamwekea mto vizuri, anampa maji, anafungua dirisha, analifunga. Bibi alimtazama akifanya yote hayo, akamwambia, "Ahsante, baba. Utaanguka."

Mtaa una macho. Haikuchukua muda wateja waliokaa kwenye kigoda kungojea vifungo wakaanza kusimulia. "Anaiacha mashine inazunguka! Mama wa watu akikohoa tu, mtu yuko ndani!" Wanawake waliwauliza waume zao mezani kama wamemwona fundi. Waume wakamchukia kwa siri. Mwanamke wa nyumba ya tatu alimleta mwanawe mkubwa, kijana wa kuoa, asimame tu mlangoni aone mkwe anavyokuwa. Na nguo zilipochelewa, hakuna aliyenung'unika tena: "Mwacheni jamani, anamuuguza mkwewe." Aibu yake ikageuka kuwa faida ya biashara, jambo ambalo aibu hufanya mara chache.

Mkewe naye alibadilika. Alianza kumpakulia yeye kwanza. Jioni moja, akikunja nguo, alisema bila kumtazama, kwa maana hakuzoea kusema mambo kama hayo, "Siku ile nilikuonya bure. Nilikukosea."

"Aa, usiseme hivyo."

"Nasema. Nilikukosea, mume wangu."

Fundi akainuka akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Habari zikafika hata kwa shemeji, kaka mkubwa wa mkewe, msimamizi wa ghala katika mji mwingine, mtu mnene wa heshima aliyezungumza kama anayepokea mzigo na kuukagua. Alikuja kumwona mama. Nyumba yake kubwa ilikuwa imekwisha kujengwa, na alikuwa amekusudia kumchukua. Asubuhi waliyompeleka bibi kwa daktari, yeye na dada yake, fundi alibaki peke yake. Mpiga pasi alikuwa amefuata mkaa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka ikasikika saa ya ukutani.

Fundi alikuwa koridoni anakata sufu ya koti. Vumbi la sufu likamwingia kooni, akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha somo. Kilikuwa kikohozi cha mtu, kutoka kifuani, cha kukosa pumzi.

Juu yake ndege akajikung'uta. Akakohoa naye, kikohozi chembamba cha bibi. Kisha kwa sauti ya fundi, na pini zake, akasema, "Kumbe bado yupo."

Kisha, kabla fundi hajainua mkono kulitikisa tundu, akaendelea. Kwa sauti nyingine. Ya chini, ya mwanamke, isiyo na lawama yoyote, kama mtoto anayeitika jina lake darasani.

"Nipo, baba. Nipo."

Fundi alibaki ameushika mkasi wazi. Akajilazimisha kukohoa tena, kutoka ndani kabisa, hadi machozi. Ndege akarudia yote matatu kwa mpangilio uleule, kikohozi, swali na jibu, bila kukosea.

Ndege yule alikuwa amekataa "karibu mteja" miezi yote ile. Hakuwa wa kushika jambo kwa kulisikia mara moja. Basi jibu hilo lilikuwa limetolewa asubuhi nyingi, kitandani, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ndogo ya kutosha ili aliyeuliza asije akafedheheka. Na lilitolewa tangu zamani, tangu siku za pini midomoni, kabla ya pole zote. Na ndani yake alikuwa ameitwa baba. Fundi aliinama akakaa chini ya meza yake, katikati ya vipande vya nguo za watu, na hapo ndipo gari la shemeji lilipomkuta lilipopiga breki nje.

Baada ya chakula cha mchana walikaa karakanani, kwa kuwa hakukuwa na chumba kingine cha kukalia watu wanne. Bibi alipewa kiti chenye mgongo. Nguo zisizokwisha zilining'inia juu yao kama wajumbe wa ziada. Shemeji alijiweka sawa kitini, akalitazama tundu kwa mbali, akaanza.

"Shemeji, mimi nimekuja hapa na nia moja, naondoka na nyingine. Nilitaka kumchukua mama. Lakini huko njiani, hospitali, hata kwa muuza maji, kila mtu ananieleza habari zako. Mimi mwanawe wa kumzaa sijawahi kukimbia mtu akikohoa. Kwa hiyo nimesema, mama nikimtoa hapa nitakuwa nimemdhulumu. Abaki. Kama mama mwenyewe anaridhia."

Wote wakamtazama bibi. Bibi alikuwa anatazama mikono yake.

"Shemeji," fundi akasema, "mimi si mtu mwema."

"Mnamsikia?" Shemeji akamgeukia dada yake. "Watu wa siku hizi wangapi wana unyenyekevu huo?"

"Si unyenyekevu. Kuna maneno nilikuwa nasema. Ndege anayajua."

"Hata ndege!" shemeji alisema, akafurahi zaidi.

Fundi aliinuka. Akaenda koridoni, akaliteremsha tundu, akaja akaliweka juu ya cherehani katikati ya watu. Alikuwa ameamua, na uamuzi ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani: ndege angesema, yeye angesimama tu. Akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Kho, kho.

Ndege akainamisha kichwa kwa huruma.

"Pole mama," akasema.

Shemeji alipiga makofi. Mkewe alicheka na machozi yakamlengalenga. Barazani mpiga pasi, aliyejua, aliacha pasi hewani. Fundi akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na jinsi alivyozidi kuigiza ndivyo ndege alivyozidi kukumbuka somo. "Pole mama. Pole mama." Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba hiyo, mwanafunzi alikuwa amefaulu.

Hapo fundi angeweza kukaa. Kila mtu alikuwa tayari kumruhusu akae. Alimtazama bibi, na bibi alikuwa ameinua macho, anamtazama bila kumsaidia.

"Hayo nimemfundisha juzi," fundi alisema. "Ili asiseme ya kwanza. Ya kwanza hakufundishwa. Alisikia tu. Mama akikohoa mimi nilikuwa nasema..." Akakwama. Maneno yaliyokuwa yakitoka yenyewe miezi yote yalikataa kutoka sasa alipoyaita. "Nilikuwa nasema, kumbe bado yupo."

Shemeji aliteremsha mikono yake magotini polepole.

"Mara moja?" mkewe aliuliza.

"Kila asubuhi."

Mkewe alisimama, akakunja kitambaa kilichokuwa kimeanguka, akakiweka juu ya meza. "Ungesema mara moja kwa hasira," alisema, "ningekusamehe kabla ya chai. Umesema mpaka ndege akahifadhi." Akaingia ndani.

Alibaki bibi. Fundi alipiga goti mbele yake, akasema, "Mama, nisamehe."

"Inuka, sakafu ina sindano," bibi alisema. Akasubiri ainuke. "Na hicho kikohozi unakikosea. Changu kinaanzia chini zaidi."

Kisha akamwambia mwanawe kwamba ataondoka naye kesho. Shemeji akaanza kusema kitu kizito. Bibi akamkatiza: "Siendi kwa hasira, na wewe usijifanye hakimu, hapa nimelishwa na kunyweshwa. Nimeulizwa nikae wapi, nami nina jibu. Ila huyo ndege nakwenda naye."

"Mama!" fundi alisema kabla hajajizuia.

"Nini, baba? Nimemzoea."

Asubuhi yake tundu lilipakiwa kiti cha nyuma, likafungwa mkanda kama abiria. Fundi alibeba begi. Bibi alimshukuru kwa maneno mazuri, yote sahihi, kama mtu anavyomshukuru mwenyeji wake, na gari likaondoka.

Meza ilirudi chumbani siku hiyohiyo. Mkewe alimsaidia kuisukuma, akishika upande wake. Alikuwa akimjibu kila alipoulizwa, na kumpakulia kwa zamu yake. Mtaani habari zilifika kwa kinywa cha mpiga pasi, aliyeapa kwamba hakusema, na wateja wakaanza tena kunung'unikia nguo zao. Fundi aliwaona wana haki. Alishona kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo, ameinama, pini kaziweka kwenye mto wa pini.

Kila Jumapili mchana alipiga simu kusalimia. Hakuna aliyemwagiza. Simu ya shemeji iliwekwa mezani kwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie, na nyumba ile ilikuwa na wajukuu wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kifua kinaendeleaje?"

Kifua kikajibu chenyewe. Fundi alifumbua mdomo aseme pole, na kabla hajatoa neno aliisikia sauti yake mwenyewe kutoka tunduni kule, mbali kidogo na simu, kwa kuvuta upande mmoja wa mdomo: "Kumbe bado yupo."

"Yupooo!" wajukuu wakaitika kwa pamoja, kama kitu walichokizoea kila siku, na mmoja akagonga meza. Bibi alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika tena, wajukuu wakaitika tena, na kicheko kikaanza upya. Katika miezi yote aliyolala nyuma ya karakana ile, fundi hakuwahi kumsikia akicheka. Hakujua hata kama anacheka hivyo, kwa sauti ya msichana.

Alisimama ameishika simu. Mkewe alitokea mlangoni akifuta mikono.

"Mama anasemaje?"

"Anacheka."

"Mama?"

"Ndiyo."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe na mimi nimsikie."

Akampa.